Chokaa ya Siku Tisa

Matanuri ya chokaa yalikuwa matatu, ukingoni mwa ziwa letu, chini kabisa ya kilima cha kanisa, karibu na mahali mitumbwi inapofikia. Wamisionari waliyajenga kabla sijazaliwa. Ni ya mawe, ya mviringo, yana mdomo chini wa kuingizia kuni na uwazi juu wa kupakilia mawe ya chokaa. Kwa kuwa yalikuwa matatu, yalijengwa na kanisa, na moto ulikaa ndani yake, wazee wetu waliyaita Utatu. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka mmoja mvua ikaangusha lile la katikati. Mchungaji wa wakati ule akalipiga marufuku Jumapili iliyofuata. Hakutaka darasa la kipaimara limuulize ni yupi kati ya Watatu aliyeporomoka.

Mimi ni mtoto wa kanisa lile. Nilibatizwa pale, nikafunga ndoa pale, na nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu kiasi kwamba wachungaji watano wamenikuta na wanne wameniacha. Namshukuru Mungu kwa kibanja changu, kwa kahawa inayozaa bila kusukumwa, kwa mke mwenye sauti, na kwa meno niliyobaki nayo, ambayo ni machache lakini yanaelewana. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba nikicheka mambo ya kanisa, nacheka ya nyumbani kwangu.

Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu nilifanya kazi kwenye matanuri hayo. Wakati huo saruji ilikuwa adimu Karagwe nzima, kwa hiyo misheni ilifufua matanuri mawili yaliyobaki ili tupate chokaa ya kupiga lipu ukuta wa kanisa. Mawe meupe yaliletwa kwa mitumbwi kutoka ng'ambo. Tuliyapanga ndani ya tanuri, tukawasha kuni chini, na moto ukakaa siku tatu bila kuzimwa. Baada ya hapo tuliacha tanuri lipoe lenyewe siku nne. Kisha tukayatoa mawe, ambayo sasa yalikuwa mepesi kama mkate mkavu, tukayatia shimoni kidogo kidogo pamoja na maji. Hapo yalichemka yenyewe bila moto, na mtu asiyejua angeweza kudhani kuna shetani mdogo anakoga. Ukiisha kuyakoroga unayapitisha kwenye chekeche, uji unaopita unaufunika kwa majani, na unauacha mwezi mzima. Tulisema chokaa imelala. Chokaa isiyolala haifai ukutani, kwa sababu ndani yake hubaki vidonge ambavyo havijashiba maji.

Sasa niseme jambo ambalo misheni haikulijua. Ndizi za pombe, zile tunazoziita embiire, huivishwa kwa kufukiwa kwenye shimo lenye joto. Kwa shimo la kawaida hukaa karibu wiki. Lakini tanuri la chokaa likiisha kutolewa mawe hubaki na joto zuri, la polepole, lisilounguza, na ndizi ukiziweka humo zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba huiva kwa siku nne, zikiwa laini na tamu kuliko za mtu yeyote. Kwa hiyo kila tanuri lilipotolewa chokaa, sisi wachomaji tulipakia mikungu yetu. Kanisa lilikataza pombe kila Jumapili kwa nguvu zote, na nusu ya rubisi, pombe hiyo ya ndizi, iliyonywewa kwenye harusi za waumini wake iliivia ndani ya tanuri lake. Hatukuona ubaya. Joto lilikuwa linapotea bure.

Mwaka huo alikuja kijana mmoja kutoka Muleba, Mkatoliki, mnunuzi wa kahawa, akampenda dada yangu. Dada yangu naye akampenda, na akalisema wazi, jambo ambalo lilimtia baba homa. Baba alikuwa Mlutheri wa kuaminika, asiyekunywa hadharani. Hata hivyo alishikilia kwamba mwanamume anayekuja kuoa hapa anakuja na pombe iliyopikwa na watu wake, kwa ndizi za watu wake, na ikiwa haikutosha atarudi nayo alikotoka. Yule kijana hakuwa na watu hapa. Hakuwa na hata mgomba mmoja. Alikuwa na mizani ya kahawa na viatu vizuri.

Akanifuata ziwani akanikuta nachochea moto.

"Muramu," akaniambia, ingawa hakuwa na ruhusa bado ya kuniita hivyo, kwa kuwa neno hilo ni la shemeji aliyekwisha kupokelewa, "baba yako ametaja siku. Zimebaki siku saba."

"Una ndizi?"

"Nimenunua Nyakasimbi. Mikungu ishirini. Mibichi kama majani."

"Siku saba hazitoshi kwa shimo."

"Ndiyo maana nimekuja hapa," akasema, akatazama tanuri jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe wa jirani.

Nilimpenda. Namshukuru Mungu kwa kumpenda, maana imekuwa miaka mingi sasa na bado nampenda, ingawa anachosha. Basi nikafanya hivi. Kesho yake moto ulipoisha, sikungoja tanuri lipoe siku nne. Tuliyatoa mawe yakiwa bado ya moto, tukayamwaga yote shimoni kwa pamoja, tukamwaga maji juu yake, tukafunika, tukapakia embiire zake tanurini jioni hiyohiyo, juu ya tabaka nene la majani mabichi ya mgomba zisiungue. Siku ya tano tulizikamua kwenye mtumbwi wa pombe, lile gogo lililochongwa la kukamulia ndizi. Tulikuwa na haraka ya kuchuja, nyasi hazikutosha, na chekeche la chokaa lilikuwa jipya na lenye matundu madogo mazuri. Nikalichukua. Likaenda harusini.

Harusi ilikuwa nzuri sana. Baba alionja mara moja kwa ajili ya kuhakikisha, akahakikisha mpaka jioni.

Siku ya tisa tangu tumwage yale mawe, fundi mkuu wa misheni alishuka ziwani. Askofu alikuwa anakuja kuweka kanisa wakfu upya baada ya matengenezo, ukuta wa mashariki ulikuwa bado uchi, na yeye alikuwa anatoka jasho la mtu anayesubiriwa na askofu.

"Chokaa imelala?" akaniuliza.

Chekeche lilikuwa kwa shemeji, limeloweshwa kwa pombe. Chokaa haikuwa imechujwa, wala haikuwa imelala, ilikuwa imesinzia tu. Ningesema kweli angeniuliza sababu, na sababu ilikuwa dada yangu, ndizi, na tanuri la Mungu.

"Imelala," nikasema.

Ukuta ukapigwa lipu. Siku ya kuwekwa wakfu ulikuwa mweupe kama shati jipya, na askofu akausifu. Baada ya miezi michache mvua za vuli zikaanza. Vile vidonge vilivyokuwa ndani ya lipu vikanywa unyevu, vikavimba, vikaanza kuruka kimoja kimoja. Vingine vilitoa sauti. Mahali kidonge kiliporuka palibaki shimo la mviringo, moja lenye ukubwa wa kidole, jingine la ngumi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuona, kwa sababu ni mimi pekee niliyekuwa natazama.

Kabla mtu mwingine hajauliza, vita vya mpakani vikaja. Tuliondoka wote, tukaishi kwa ndugu zetu mbali na mpaka. Tuliporudi ukuta wa mashariki ulikuwa na mashimo kutoka dirisha hadi dirisha. Watu walisimama mbele yake wamevua kofia. Mama mmoja akagusa shimo kwa kidole akasema, "Waitu, jamani, hata nyumba ya Mungu wameipiga risasi." Wote wakatikisa vichwa. Mimi pia nikatikisa.

Hivyo ndivyo uongo wangu wa neno moja ulivyokua ukawa historia. Kwa miaka yote iliyofuata watu walisali wakimshukuru Mungu kwa risasi ambazo hazikumpata mtu. Uamsho ulipita kwetu mara kadhaa, na kwetu uamsho maana yake ni kusimama mbele ya watu na kuungama kwa sauti. Niliungama kila mara. Nilikuwa na dhambi tatu nilizozoea: hasira, uvivu wa kusali asubuhi, na kumwonea wivu jirani mwenye baiskeli. Nilizisema vizuri hata watu wakaanza kuzingoja. Ya chokaa sikuigusa. Nilijiambia kwamba ni dhambi ya ujenzi, na dhambi za ujenzi ni za mafundi.

Mwaka juzi ukuta ukaanza kunidai wenyewe. Maji yalikuwa yameingia nyuma ya lipu kupitia mashimo yale, na lipu ikavimba katikati kama tumbo la mtu aliyekula vizuri. Jumapili moja kipande cha ukubwa wa sahani kilianguka katikati ya wimbo na kumpiga mke wangu begani. Mke wangu huimba sauti ya pili, na sauti ya pili hukaa chini ya ukuta wa mashariki. Aliendelea kuimba. Tulipotoka nje alikuwa mweupe upande mmoja.

"Uhamie upande wa pili," nikamwambia.

"Kule wanakaa besi."

"Ukae nao tu."

"Nikiwa besi nani atakuwa sauti ya pili? Wewe?"

"Ukuta ule utaanguka, mama."

"Haukuanguka kwa risasi," akasema, akajipangusa bega, "utaanguka kwa mvua?"

Nikaenda kwa mchungaji, kijana mwenye bidii, mcha Mungu wa kweli, nikamwambia ukuta ubomolewe lipu yote upigwe upya. Akanishika mkono kwa upole.

"Shikamoo mzee. Nilikuwa nataka kukutafuta. Ukuta ule hatuugusi."

Alikuwa amepata mgeni. Afisa utamaduni wa wilaya, kijana wa Bukoba mwenye adabu, alikuwa amepanda pikipiki kutoka Omurushaka kuja kuuona. Alipiga picha kila shimo. Alianza kuyapa namba kwa chaki, na alipofika sitini na ushei chaki ikamwishia. Mpango wao ulikuwa ukuta uachwe kama ulivyo uwe kumbukumbu ya vita, uwekewe kibao, na watu waje kuutazama. Mchungaji alikwisha kuhubiri mara tatu juu ya mashimo yale na mara ya tatu nililia mwenyewe, maana alihubiri vizuri. Sasa walihitaji shahidi aliyekuwapo wakati wa vita, asimame Jumapili ya kibao aseme alichokiona.

"Wote wamesema ni wewe," mchungaji akasema. "Wewe ndiye mkubwa kuliko wote wanaokumbuka."

Nikasema nitasali. Nilisali. Sala yangu ilikuwa kwamba Bwana atume mvua kidogo tu, ukuta udondoke siku ya Jumatano kanisa likiwa tupu, tusisumbuane. Bwana hakupendezwa na mpango huo. Kikaja kiangazi.

Nikaenda Omurushaka kwa shemeji. Ana duka pale kando ya barabara, anauza bati, misumari na sabuni, na ameacha kahawa isipokuwa ile ya kutafuna, ambayo huwa nayo mfukoni siku zote. Alinipa punje chache tukakaa kwenye viti vya plastiki tukitafuna. Nikamweleza.

"Niache nife na risasi zangu," akasema.

"Si zako."

"Wajukuu wangu wanajua babu yao aliolea kwenye kanisa lililopigwa risasi. Wameandika shuleni. Sasa niwaambie lilipigwa ndizi?"

"Ukuta utamwangukia mke wangu."

"Mwambie ahamie."

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Ameniuliza kama mimi naweza kuimba sauti ya pili."

Akacheka mpaka akatema kahawa. Kisha akanitazama kwa macho yale ya ziwani.

"Ninyi Walutheri mna tabu. Sisi hili tungelimaliza kwa dakika tano. Unapiga magoti, unanong'ona, unapewa Salamu Maria kumi, unarudi dukani. Ninyi mpaka muweke spika."

"Spika ipo tu pale. Hatuiwekei dhambi."

"Ukisema, watakutenga."

"Watanitenga."

"Uzee wote huo, mzee wa kanisa, ukakae nyuma na vijana waliopachika mimba."

"Nimewatenga wengi mwenyewe. Nafasi naijua."

Akatafuna muda. Basi la kwenda Kyerwa likapita, likatupaka vumbi, hatukusogea.

"Na jina langu utalitaja?"

"Nitasema bwana harusi tu."

"Dada yako ameolewa mara ngapi, muramu?"

Nikakiri kwamba alikuwa na hoja.

"Sema basi kwamba pombe ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa na ladha ya ukuta."

"Ilikuwa nzuri," akasema, na hapo nikaona kwamba ananiruhusu.

Jumapili ya kibao ikafika. Kibao chenyewe kilikuwa kimefunikwa kitambaa, kimeegemezwa chini ya dirisha. Afisa alikaa mbele na kishikwambi chake tayari kunirekodi. Watu wa kwetu Kituntu walikuja, na wa vijiji vya jirani, kanisa likajaa mpaka nje. Sauti ya pili ilikuwa mahali pake. Nilimwona mke wangu, na juu ya kichwa chake lile tumbo la lipu, na kwenye tumbo namba thelathini na saba kwa chaki. Mchungaji akanitambulisha kwa maneno ambayo sistahili, akanipa kipaza sauti.

Nilikuwa nimeandaa utangulizi. Niliusahau wote.

"Ndugu," nikasema, "ukuta huu haukupigwa risasi. Ni mimi."

Kwanza walidhani nasema ni mimi niliyepiga risasi. Niliona wanaume wawili wakiinuka kidogo. Nikaharakisha kueleza: mawe, moto wa siku tatu, ndizi tanurini, chekeche, siku tisa, na lile neno moja nililomjibu fundi. Nikaeleza kwamba vidonge vinaendelea kuruka mpaka leo, kwamba maji yako nyuma ya lipu, na kwamba yeyote anayekaa chini yake anakaa chini ya uongo wangu wenye uzito. Nikasema nimeomba msamaha kwa Mungu na sasa nauomba kwao.

Mbuzi wa mtu akalia huko nje.

Afisa akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani mzee. Hata moja si risasi?"

"Hata moja, mwanangu."

"Hata ile kubwa ya karibu na dirisha?"

"Kile kilikuwa kidonge kama yai la bata. Kiliruka mbele yangu kabla ya vita. Nilikitupa ziwani."

Mchungaji alikuwa ameshika mimbari. "Mzee," akasema polepole, "umesema chekeche la kanisa lilichuja rubisi?"

"Ndiyo, baba mchungaji."

"Na ndizi ziliivia kwenye tanuri la kanisa?"

"Hizo na za wengine wengi. Lakini mimi nasema zangu."

Hapo wazee kadhaa wa umri wangu wakaanza kuzitazama nyimbo ndani ya vitabu vyao kwa makini. Ndipo mtu akasimama nyuma kabisa, mlangoni. Alikuwa shemeji, ndani ya koti lake la suti, mahali ambapo hakuwa amekanyaga siku ya Jumapili tangu azaliwe.

"Bwana harusi ni mimi," akasema. "Naomba radhi kwa ukuta. Kwa pombe siombi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wanawake, kisha kanisa zima, kicheko cha watu waliokuwa wamevaa nyuso za msiba asubuhi nzima na sasa hakuna msiba. Mama mmoja wa uamsho akaanzisha wimbo wa shukrani, kwa maana kwao dhambi iliyotajwa ni sherehe. Mchungaji peke yake hakucheka. Alikuwa anakumbuka yale mahubiri yake matatu. Nilimwonea huruma, na ndani ya huruma hiyo nilikuwa mwepesi kama jiwe lililotoka tanurini.

Nyumbani mke wangu alimenya ndizi zote kwanza.

"Miaka yote hiyo," akasema, "nimekuwa nikiinua macho kwenye mashimo yale na kumshukuru Mungu kwamba risasi hazikutupata."

"Hazikutupata kweli."

"Hakukuwa na risasi."

"Ndiyo zaidi hazikutupata."

"Wewe ulikuwa unakaa upande wa wazee," akasema, "umetulia, unanitazama naimba chini ya kazi yako." Kisha akaingia ndani na sufuria. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na hakuna baraza lililonitenga kwa ajili yake.

Baraza la wazee lilikaa Jumatano. Nilitoka nje kwa mujibu wa utaratibu, nikakaa kwenye ngazi nikiwasikia vizuri kupitia dirisha. Mmoja alisema uongo ule ni wa zamani mno, umezeeka kuliko adhabu. Mwingine akajibu kwamba dhambi si dawa, haina tarehe ya kuisha. Wa tatu akataka tuweke wazi kama kosa ni uongo, pombe, au chekeche. Wakabishana juu ya chekeche karibu saa nzima. Mwishowe wakanitenga na Meza ya Bwana miezi mitatu, kwa uongo peke yake. Ya ndizi waliiacha, na nadhani nilielewa kwa nini, kwa kuwa nilikuwa nawajua wote tangu siku za matanuri. Nikaingia nikawashukuru. Nilimaanisha.

Afisa wa wilaya, ambaye nilidhani atanichukia, alirudi baada ya wiki. Alishuka ziwani akazunguka yale matanuri mawili, akaingiza kichwa mdomoni mwa moja, akatoka na masizi usoni na furaha. Akasema yale ndiyo yaandikwe, maana sasa amepata mtu wa kueleza yalivyofanya kazi. Nikamweleza yote, na akaandika yote, ila nilipofika kwenye embiire akaniuliza kama aandike na hiyo. Nikamwambia aandike. Nimekwisha kutengwa, nikamwambia, sina tena cha kuogopa mpaka miezi mitatu iishe.

Lipu ilibomolewa Jumanne. Fundi alikuwa amekuja na nyundo mbili na msaidizi mmoja, na mchungaji alikuwapo, na mimi, maana kutengwa na Meza hakukatazi mtu kufagia. Fundi aligonga mara moja juu ya dirisha, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Tulisikia mlio kama nguo inayochanika. Lipu yote ya katikati ikaachana na ukuta kwa pamoja, kipande kimoja, kutoka dirisha hadi dirisha, ikaanguka mbele. Vumbi lilipotulia, benchi la sauti ya pili lilikuwa limekatika mara mbili, na upande mmoja wake ulikuwa umezama chini ya kifusi hata haukuonekana.

Fundi aliweka nyundo chini. Mawe ya ukuta yalikuwa yamelowa, yanang'aa kwa maji ingawa kilikuwa kiangazi.

"Hapa anakaa nani?" mchungaji akauliza.

"Mke wangu," nikasema.

Mchungaji alinishika bega, akaniacha, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirisha amesimama kwenye nyasi amefumba macho. Mimi nilibaki. Nilitaka kusali lakini maneno yote niliyoyajua yalikuwa marefu mno, kwa hiyo nilisema ahsante, nikauchukua ufagio.

Nilimweleza mke wangu jioni, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na benchi?" akauliza.

"Limevunjika."

"Tutakaa wapi Jumapili?"

"Kwa besi."

"Hatutakaa kwa besi," akasema. "Tengeneza benchi."

Mimi si seremala. Nilikata mbao za mti wa mruti uliokuwa nyuma ya nyumba, nikapigilia kwa misumari aliyonipa shemeji, akiwa amekaa pembeni akinielekeza jambo asilolijua. Likasimama. Mguu mmoja ni mfupi kidogo, kwa hiyo wimbo ukifika penye nguvu sauti ya pili yote huegemea kulia, kisha hurudi. Siku ya kwanza niliitazama kutoka benchi la nyuma, nikiwa kati ya vijana wawili waliotengwa kwa mambo yao, na mmoja wao akaninong'oneza, "Babu, nani ametengeneza lile?"

"Mimi," nikasema. Nilimjibu haraka, kabla sijapata muda wa kufikiria jibu lingine.